Ugonjwa wa fizi: nikishatibiwa, ndiyo umekwisha? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafanya kazi ya kinywa na meno hapa Mtwara. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa kitini, mlangoni, na hata sokoni nikiwa nimeshika fungu langu la dagaa. Yana sura nyingi lakini mzizi mmoja: mtu ametoa nauli, amekaa kitini saa nzima mdomo wazi, amekwanguliwa, sasa anataka kujua kazi ile itakaa muda gani.

Nikipiga mswaki natoka damu. Huo ndio ugonjwa wa fizi, au nimesugua kwa nguvu?

Mswaki mgumu unaweza kuchubua, kweli. Lakini damu inayotoka kila siku, sehemu zilezile, hata kwa mswaki laini, ni ya fizi iliyovimba. Kinachoivimbisha ni ukoga, ule utando unaoukuta ukipitisha ulimi kwenye meno asubuhi. Ukoga ni bakteria hai. Ukiachwa, unashika madini ya mate na kuwa ugaga, mgumu kama tumbawe, usiotoka kwa mswaki wa aina yoyote.

Kosa la wengi ni kuacha kupiga mswaki mahali panapotoka damu, "pasije pakazidi." Panazidi kwa sababu hiyo hiyo. Mwaka 1965 watafiti wa Denmark waliwaomba vijana 12 wenye fizi nzima waache kabisa kusafisha meno. Ndani ya siku 10 hadi 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudi kwenye mswaki, fizi zilitulia ndani ya wiki moja hivi.

Je, unapona kabisa?

Inategemea umefika wapi. Ukiwa bado kwenye fizi peke yake, hatua iitwayo jinjivaitisi, unapona na hauachi alama. Ukishashuka hadi kwenye mfupa unaoshika jino, yaani periodontitisi, mambo ni mengine. Matibabu yanausimamisha, lakini mfupa ulioliwa kwa sehemu kubwa haurudi. Ndiyo maana utamsikia daktari akisema "umetulia" mahali ulipotarajia "umepona," na wagonjwa wengine hudhani kuna kitu anawaficha. Hafichi. Aliye na presha au kisukari analijua jambo hili: unaishi vizuri miaka mingi, mradi usijisahau.

Kukwangua kunafanya nini hasa, na nafuu yake ni kiasi gani?

Fizi nzima ina kijifereji kati yake na jino, kina chake milimita 1 hadi 3. Ugonjwa unapoingia, kijifereji kinakuwa mfuko: milimita 4, 6, hata 9. Daktari anaupima kwa kijiti chembamba chenye alama, pointi sita kuzunguka kila jino, na ile minong'ono ya "tatu, tatu, tano, damu" unayoisikia ndiyo ramani ya kinywa chako. Kisha kwa sindano ya ganzi anaingia chini ya fizi na kuondoa ugaga ulioganda kwenye mzizi.

Vipimo hurudiwa baada ya miezi miwili au mitatu. Kwa wastani, mifuko ya milimita 4 hadi 6 hupungua kama milimita 1, na ile ya 7 kwenda juu hupungua kama milimita 2. Sehemu ya nafuu hiyo ni uvimbe kushuka, sehemu ni fizi kushikana upya na mzizi. Ukisikia milimita moja utaona ni jambo dogo, kama tofauti ya unene wa kucha. Lakini mfuko uliokuwa na 5 ukashuka hadi 4 na damu ikakoma ni mfuko ambao mara nyingi hauhitaji kuguswa tena zaidi ya usafi wa kawaida. Mfuko unaobaki na 6 au zaidi baada ya matibabu yote ndio wa kuogopa. Meno yenye mifuko hiyo ndiyo hung'oka zaidi miaka inayofuata.

Tahadhari moja. Kusafisha meno kwa juu, kule kunakoondoa weusi wa chai na sigara ukatoka unang'aa, si kukwangua chini ya fizi. Mtu anaweza "kusafishwa" kila mwaka na mifuko yake ikabaki vilevile.

Haya, yatadumu miaka mingapi?

Hapa naomba uvumilivu, maana jibu ni refu.

Mwaka 1978 madaktari wawili wa Marekani walichapisha hesabu ya wagonjwa wao 600 wa fizi, waliofuatiliwa kwa wastani wa miaka 22. Kati ya hao 600, watu 300 hawakupoteza hata jino moja kwa ajili ya fizi katika muda wote huo. Wengine 199 walipoteza meno 1 hadi 3. Kundi la watu 76 lilipoteza 4 hadi 9. Na walikuwapo 25 ambao, pamoja na matibabu yote, walipoteza kati ya 10 na 23. Mimi hizi namba nazipenda kwa sababu hazirembi. Zinasema kwamba wengi mno wananufaika kwa miongo miwili na zaidi, na kwamba wapo wachache ambao ugonjwa wao ni mkaidi, hata wafanye nini. Ukiwa mmoja wa hao wachache, si lazima iwe ni uzembe wako.

Utafiti mwingine ulifanyika Karlstad, Sweden, kuanzia miaka ya 1971 na 1972. Watu wazima walirudi kliniki mara kwa mara, wakasafishwa na kufundishwa upya namna ya kupiga mswaki. Si wote walioanza na ugonjwa mkubwa wa fizi, hilo tulikumbuke. Baada ya miaka 30, waliobaki kwenye ufuatiliaji walikuwa wamepoteza kwa wastani kati ya jino 0.4 na 1.8, kutegemea rika. Na sababu kubwa ya meno hayo kutoka ilikuwa mzizi kupasuka; fizi ilichukua machache sana.

Sasa linganisha makundi matatu ya wagonjwa wa Marekani, ambayo taarifa zake zilichapishwa kati ya mwaka 1979 na 1984. Wasiotibiwa kabisa walipoteza wastani wa jino 0.36 kwa mwaka. Waliotibiwa lakini hawakurudi tena kliniki, 0.22. Waliotibiwa na kuendelea kurudi, 0.11. Yafanye ya miaka kumi: meno karibu manne, mawili, na moja. Utaona kwamba matibabu peke yake yalipunguza hasara, lakini kurudi ndiko kuliipunguza tena kwa nusu.

Wakulima wa korosho hawahitaji nieleze zaidi. Hakuna anayepuliza salfa msimu mmoja, akaona ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, umepungua, akasema shamba limepona, mwakani hatapuliza. Lakini mkulima huyohuyo ananiambia alikwanguliwa mwaka 2014 na anashangaa kwa nini damu imerudi.

Na nisipofanya chochote?

Mwaka 1986 zilitoka taarifa za wafanyakazi wa mashamba ya chai wa Sri Lanka, wanaume 480, waliofuatiliwa kwa miaka 15. Hawakuwa na huduma ya meno na hawakuwa na desturi ya kupiga mswaki. Asilimia 8 ugonjwa uliwaendea mbio, wakabaki na meno machache wakiwa bado na nguvu za kazi. Asilimia 81 uliwaendea polepole. Asilimia 11 haukuvuka fizi kabisa, ingawa vinywa vyao vilikuwa na ukoga na ugaga kama vya wenzao.

Hiyo asilimia 11 ndiyo inayozaa hadithi ya "babu yangu hakuwahi kumiliki mswaki na alikufa na meno 32." Inawezekana ni kweli. Babu alibahatika na mwili wake. Usichojua ni kama amekurithisha bahati hiyo.

Nilipokwanguliwa meno yalianza kucheza na yakaachana. Si ndio mmeyalegeza ninyi?

Swali hili huulizwa kwa hasira, na naielewa hasira yenyewe. Ugaga ukiwa mwingi huyashika meno yaliyolegea kama saruji iliyomwagwa katikati ya nguzo zilizooza. Ukiutoa, nguzo zinaonekana zilivyo. Na uvimbe ukishuka, fizi inapungua kimo, kwa hiyo jino linaonekana refu na nafasi kati ya meno zinafunguka. Maji baridi nayo yanachoma kwenye mzizi ulioachwa wazi. Hilo kwa kawaida hupungua ndani ya wiki kadhaa, na dawa ya meno ya wenye meno yanayochoma kwa baridi husaidia.

Mara nyingi, baada ya miezi michache uvimbe ukiisha, jino lililokuwa likicheza hukaza kiasi. Si yote. Kosa letu watoa huduma ni kutomweleza mtu haya kabla ya kumlaza kitini. Ukiona hujaambiwa, uliza kabla ganzi haijaingia, maana baadaye hutaweza kuongea vizuri.

Kwa nini mnataka nirudi kila miezi mitatu? Mimi natoka Tandahimba.

Kwa sababu bakteria hurudi kwenye mifuko iliyokwanguliwa ndani ya wiki hadi miezi michache, na huko chini mswaki haufiki. Mwaka wa kwanza, miezi mitatu mitatu ndiyo desturi. Vipimo vikionyesha mifuko imetulia na damu imekoma, tunasogeza hadi miezi sita.

Najua nauli ni nini, na najua siku nzima ya shamba ni nini. Kwa watu wa vijijini nimeacha kuandika tarehe tupu kwenye kadi, kwa sababu tarehe husahaulika. Tunapatana kwa msimu: njoo ufuta ukishauzwa, katikati ya mwaka, njoo tena baada ya minada ya korosho, kabla Desemba haijaisha. Nyakati hizo watu wanakuja mjini kwa mambo mengine na mfukoni kuna kitu. Mara mbili kwa mwaka si sawa na mara nne, lakini ni mbali sana na mara moja katika miaka kumi. Kama mifuko yako bado ni mirefu, au una kisukari, nitakusumbua uje zaidi ya hapo.

Kwani siwezi kupewa vidonge tu?

Kila mtu anamjua mtu aliyekunywa Flagyl na amoksilini fizi zikatulia. Zikatulia kweli, kwa wiki kadhaa. Ukoga ni bakteria waliojijengea ukuta wao na kushikamana na ugaga. Dawa inayopita kwenye damu haiubomoi ukuta huo. Vidonge vina nafasi yake pamoja na kukwangua, kwa wagonjwa wachache waliochaguliwa, hasa vijana ambao ugonjwa unawaendea mbio. Vilevile kwenye jipu la fizi lenye homa, na kwenye ugonjwa wa fizi za katikati ya meno kuoza ghafla kwa maumivu makali na harufu, ambao huwapata zaidi waliodhoofika kinga. Ukipata huo wa mwisho, nenda kliniki, na ukubali kipimo cha virusi vya UKIMWI kama utashauriwa.

Kununua vidonge dukani kila damu inaporudi ni kujizoesha usugu wa dawa bila kuugusa ugonjwa.

Dawa ya kusukutua ya klorheksidini inasaidia kwa wiki moja au mbili pale mswaki unapouma. Ukiendelea nayo miezi, meno yanapata rangi ya kahawia na ladha ya chakula inapotea. Haiingii ndani ya mfuko.

Upasuaji wa fizi je? Si ndio wa kudumu?

Upasuaji hufungua fizi ili daktari auone mzizi aliokuwa akiufuata kwa kubahatisha vidole. Kwenye mifuko mirefu, matokeo ya mwaka wa kwanza huwa bora kuliko kukwangua kwa kawaida. Kadiri miaka inavyokwenda, tofauti kati ya njia hizo mbili inapungua, na kwenye mifuko mifupi upasuaji unaweza hata kumwondolea mtu fizi aliyoihitaji. Jambo lililo wazi tangu miaka ya 1970 ni kwamba kumpasua mtu ambaye hasafishi meno yake kunaharibu zaidi kuliko kutompasua. Kwa hiyo daktari akikataa kukupasua hadi mswaki wako uwe sawa, hakubanii.

Zipo pia njia za kuotesha mfupa kwa vipande au utando maalumu, kwa mashimo ya umbo fulani tu. Kwa huduma hizo jiandae kwa rufaa ya kwenda Dar es Salaam.

Nina kisukari. Kuna la ziada?

Lipo, na linakwenda pande mbili. Sukari isiyodhibitiwa huufanya ugonjwa wa fizi uwe mkali na kidonda kichelewe kupona. Upande wa pili, fizi zikitibiwa sukari nayo inashuka: kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, HbA1c, hupungua kwa takriban pointi 0.3 hadi 0.5 ndani ya mwaka. Si mbadala wa dawa zako, lakini kwa kazi iliyofanyika mdomoni tu, si haba. Njoo umekula na umemeza dawa kama kawaida. Wengi huja wamefunga wakidhani ndiyo adabu ya hospitali, kisha wanaishiwa nguvu kitini.

Navuta sigara. Ugoro je?

Sigara ndiyo inayoharibu matibabu ya fizi kuliko tabia nyingine yoyote. Inabana mishipa midogo, kwa hiyo fizi ya mvutaji haitoi damu nyingi hata ikiwa mgonjwa, naye anajiona mzima. Akikwanguliwa, mifuko yake hupungua kidogo kuliko ya asiyevuta, na kwake yeye meno hung'oka zaidi miaka ya mbele. Ugoro unaowekwa kati ya mdomo na fizi unaila fizi mahali palepale unapowekwa, na unaongeza hatari ya saratani ya kinywa. Kidonda au doa jeupe lisilopona kwa wiki mbili, lionyeshe.

Ni mjamzito. Nisubiri nijifungue?

Usisubiri. Homoni za ujauzito huzidisha uvimbe uliokuwapo, na kukwangua ni salama, hasa kuanzia mwezi wa nne hadi wa sita. Mwambie daktari tu.

Mswaki wa mti, mkaa, chumvi, karafuu: vipi kati ya hivyo vinafaa?

Mswaki wa mti unafaa, na haukuanza leo: neno "mswaki" lenyewe lilikuwa la kijiti kabla ya plastiki kufika. Ukitafunwa ncha hadi ulainike kama brashi, na ukapitishwa taratibu hadi meno ya nyuma na upande wa ndani, unaondoa ukoga vizuri. Shida ni kwamba wengi wanausugua meno ya mbele tu, huku wakipiga soga.

Maji ya chumvi ya uvuguvugu yanatuliza, hayatibu. Karafuu inatia ganzi kidogo. Mkaa acha, unakwaruza jino, na chembe zake hukwama kwenye mifuko. Kitu kinachosahaulika ni katikati ya meno, ambako ugonjwa huanzia. Uzi wa meno unatosha kwa nafasi finyu, na nafasi zikiwa pana vibrashi vidogo vya katikati ya meno ni bora zaidi. Havipatikani kila duka, kwa hiyo ukivikuta nunua vya kutosha.

Meno yangu yana rangi ya kahawia tangu utotoni. Mnaweza kuikwangua?

Kama ulikulia Arusha, Manyara au sehemu nyingine zenye floraidi nyingi kwenye maji, hiyo si ugaga na si ugonjwa wa fizi. Iko ndani ya jino. Usikubali mtu aikwangue.

Jino linatikisika. Si bora ling'olewe nipumzike?

Kutikisika peke yake si hukumu. Jino linalocheza kidogo kwa pembeni, lisilouma, lenye nusu ya mfupa, linaweza kukaa miaka mingi likitunzwa. Linalozama juu chini ukilibonyeza, lenye usaha usiokoma, hilo kwa kawaida safari yake imekwisha. Katikati ya hayo mawili ndipo panapohitaji picha ya eksirei na majadiliano. Nimeona watu wakiomba meno sita yang'olewe siku moja ili wawekewe ya bandia, wakidhani ya bandia hayana fizi. Yana fizi. Hata yale ya kupandikizwa kwenye mfupa hushikwa na ugonjwa wa namna hiyohiyo, na zaidi kwa mtu ambaye fizi zake za asili hazikutulizwa kwanza.

Niende wapi, na niulize nini?

Anzia hospitali ya wilaya yako. Hospitali za rufaa za mikoa ni Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, na ipo Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini hapa Mtwara. Kwa walio karibu na Masasi na njia ya kutoka Lindi, hospitali za misheni za Ndanda na Nyangao zinajulikana. Kabla ya kupanda gari, piga simu au mtume mtu aulize: mtaalamu wa meno yupo wiki hii? Mashine ya kukwangua inafanya kazi? Mnapima mifuko na kukwangua chini ya fizi, au ni juu tu? Bima yangu inakubaliwa kwa huduma hiyo?

Ukishapimwa, omba zile namba za mifuko ziandikwe kwenye karatasi, kisha ipige picha kwa simu. Mafaili hupotea, wataalamu huhamishwa, na huenda mwakani ukatibiwa Lindi badala ya Mtwara. Atakayekupokea akiona kwamba gego la chini kulia lilikuwa 7 mwaka jana na leo ni 5, anajua la kufanya ndani ya dakika moja.

Na kama nimepitisha miaka bila kurudi, naona aibu?

Njoo hivyo hivyo. Tutapima upya, tuanzie hapo ulipo.